Chungu Namba Tisa

Kazi yangu ni kupima damu katika maabara ya hospitali moja huko Westmead. Mama Kasoki, jirani yangu hapa Mount Druitt, huniita Docteur. Nimemwambia mara nyingi kwamba mimi si daktari, kwamba sijawahi kumtibu hata paka, naye hunijibu kwamba mtu anayeangalia damu za watu na kukaa kimya ni daktari tu.

Mama Kasoki ni Mnande wa Butembo, mashariki mwa Kongo. Ni mjane, na anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mwanawe Olivier, wakati wa kisa hiki akiwa na miaka ishirini na tisa, alikuwa akiendesha forklifti katika ghala moja la Ingleburn. Mimi ni Mmeru wa Kenya, nimemzidi Olivier miaka kumi na miwili, na yeye huniita Grand, kama Wakongo wanavyomwita kaka mkubwa.

Mwaka 2015 Olivier aliumia bega kazini. Aliyemnyoosha bega kwa wiki nane ni Chizuru, binti wa Kijapani. Bega lilipopona, wakaendelea kuonana. Kufikia Julai ya mwaka uliofuata walikuwa wamekubaliana kuoana, isipokuwa jambo moja: Chizuru ni mtoto pekee, mama yake amefariki, na alimwambia Olivier wazi kwamba bila neno la baba yake hataolewa. Baba huyo, Mzee Morikawa, alikuja Sydney kwa siku tisa. Siku sita za kwanza hakusema ndiyo wala hapana. Alikula chakula cha hoteli, tumbo likakikataa. Jumatano jioni Chizuru akapiga simu kwa Mama Kasoki, Olivier akiwa ameiweka simu katikati ya meza ili sote tusikie.

"Baba anataka kuja kwenu Jumamosi," alisema. "Anasema mgahawani hujui unakula na nani. Jumatatu anaondoka."

Olivier akamtafsiria mama yake. Mama Kasoki akauliza, "Mzee wa watu iko anakula nini? Nikimupa fufu na sombe, ile majani ya muhogo, tumbo yake itakufa kabisa."

"Anakula nabe," alijibu Chizuru. "Ni chungu kinachochemka mezani. Mboga, samaki, kila mtu anachota. Wakati wa baridi nyumbani kwetu tulikuwa tunakula hicho tu."

"Basi uje utuoneshe," Olivier alisema.

"Siwezi. Nampeleka milimani mpaka Jumamosi mchana. Halafu, Olivier, si vizuri nikichagua mimi. Atajua."

"Atajuaje?"

Hapo Chizuru akaeleza jambo ambalo Olivier hakuwahi kuambiwa. Baba yake alikuwa amefanya kazi miaka arobaini na moja katika karakana ya vyungu, mji wa Yokkaichi. Hakuwa mfinyanzi. Alikuwa mkaguzi. Vyungu vilipotoka tanuruni, yeye alikigonga kila kimoja kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, na kilichokuwa na kasoro alikichora alama nyekundu.

"Kwa hiyo kazi yake ilikuwa kukataa," nikasema.

"Ndiyo," alisema Chizuru. "Na alikuwa hodari."

Simu ilipokatwa, Olivier alikaa akiangalia kabati la mama yake: sufuria kubwa za alumini, sahani za plastiki za rangi sita, beseni mbili za kunawia mikono. Mama Kasoki akanigeukia. "Weye Docteur unajua kusoma. Utaenda na yeye dukani. Huyu mtoto yangu akienda peke yake ataleta bassine."

Alhamisi tulipanda treni hadi mjini. Barabara ya George ilikuwa imechimbuliwa kwa ajili ya reli mpya, tukapita pembeni mwa uzio hadi kwenye duka dogo la vyombo vya Kijapani. Muuzaji alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia. Nilikuwa nimeandaa karatasi yenye maswali kumi na manne. Olivier hakuwa na swali hata moja. Alikwenda moja kwa moja kwenye chungu chekundu cha chuma kilichopakwa rangi ya kung'aa, chenye maua.

"Hiki, Grand. Kina furaha."

"Kina furaha, lakini ni cha chuma. Baba mkwe wako amegonga udongo miaka arobaini na moja."

Alikirudisha kama mtu aliyeshikwa akiiba.

Nikamuuliza muuzaji kuhusu ukubwa. Alinieleza kwamba vyungu vya udongo vya nabe hupangwa kwa namba, na kila namba ni kama sentimita tatu za kipenyo. Namba sita ni cha mtu mmoja au wawili. Namba nane ni cha watatu au wanne. Mezani tungekuwa watano: mzee, Chizuru, Olivier, Mama Kasoki na mimi, ambaye niliwekwa kwenye orodha bila kuulizwa. Kwa hiyo namba tisa. Dukani vilikuwepo viwili tu vya udongo vya namba hiyo: kimoja cheupe chenye samaki wa bluu, kingine cha kijivu kisicho na pambo lolote ila mistari iliyozunguka kama kidole kilivyopita.

Nilikiinua cha kijivu. Kilikuwa kizito kuliko nilivyokadiria, na uzito wenyewe ulikuwa chini, kitakoni. Muuzaji akatuonesha mambo ambayo macho yangu yalikuwa yameyapita. Ndani kilikuwa na mng'aro wa kioo, lakini chini kilikuwa udongo mtupu, kwa sababu udongo mtupu huupokea moto polepole. Kifuniko kilikuwa na tundu moja dogo, la kutolea mvuke ili mchuzi usifurike. Ukingo ulikuwa na mfereji mwembamba: povu likipanda huishia pale, halimwagiki mezani. Masikio mawili ya kushikia yalikuwa yameinamishwa kidogo kwenda chini. Aliniambia nikishike chungu kana kwamba kimejaa, nikaona kwamba viganja havigusi ubavu wenye moto.

Mimi hutumia mashine zilizogharimu mamilioni, na kila moja ina kitufe ambacho hakuna anayejua ni cha nini. Katika chungu kile sikuona kitu kisicho na sababu. Nilitafuta, na nilitafuta kwa nia mbaya.

"Grand, umeganda," alisema Olivier.

"Ninafikiri."

"Unafikiri kama mtu aliyeona malaika."

Tukachukua cha kijivu. Tukachukua jiko la gesi la mezani. Hapo nilikuwa mkali, kwa kuwa mwaka uliotangulia majiko mengi ya aina hiyo yalikuwa yamezuiwa kuuzwa kwa sababu za usalama, nikataka kuona alama ya kibali kwa macho yangu. Tukachukua upawa wa kuchotea na mwingine wenye matundu wa kuondolea povu, kitako cha mbao cha kuwekea chungu, na vijiti virefu vya kupikia. Ikabaki bakuli. Zile za nabe ni ndogo, zenye kijisikio upande mmoja cha kushikia kwa vidole viwili.

"Hizi?" Olivier alizishangaa. "Mama ataniua. Mgeni umpe chakula kwenye kitu cha kunywea dawa?"

Muuzaji alielewa bila kutafsiriwa. "Kidogo kidogo," alisema kwa Kiingereza cha taratibu. "Bakuli kubwa, chakula kinapoa. Bakuli dogo, mgeni anarudi chunguni mara kumi. Mara kumi mnakutana."

Olivier akazikumbatia zote. Ziliuzwa tano kwa pamoja. Nikauliza kwa nini si nne au sita, nikaambiwa kwamba kwa Wajapani nne hutamkwa kama kifo, na kwa hiyo watu hupenda tano.

Wakati wa kufunga, mama yule aliweka karatasi ya maelezo ndani ya chungu, akaigonga kwa kidole. "Soma kwanza. Kabla ya moto."

Karatasi ilikuwa ya Kijapani tupu, yenye vichoro. Niliikunja nikaitia mfuko wa ndani wa koti langu. Nia yangu ilikuwa njema: niipeleke kazini Ijumaa, niikuze kwa mashine, kila mtu apate nakala iliyo safi. Ijumaa maabara ilielemewa na kazi, nikasahau. Hilo ni kosa la kwanza, na ni langu.

Kosa la pili lilitokea kwa sababu ya heshima. Huko Butembo, Mama Kasoki aliniambia baadaye, chungu kipya hakimpikii mgeni kikiwa na njaa. Lazima kilishwe kwanza. Unakilaza ndani ya maji usiku kucha kinywe mpaka kishibe, asubuhi unakitia motoni, na kikishapata joto unakipikia uji. Bibi yake alifanya hivyo, mama yake alifanya hivyo. Basi Ijumaa usiku, Olivier akiwa kwenye shifti, alijaza maji bafuni akakilaza chungu namba tisa. Jumamosi saa moja asubuhi alikitoa kikiwa kinatiririka, akakiweka juu ya jiko la gesi, moto wote.

Niliitwa kwa kugongewa ukuta. Nilipoingia jikoni Olivier alikuwa amesimama na sare ya kazi, mikono kichwani. Mama Kasoki alikuwa ameketi.

"Kilisema ti," alisema. "Kidogo tu. Ti. Kama mutu anakanyaga kijiti."

Ufa ulianza kitakoni ukapanda ubavuni urefu wa vidole vitatu. Ulikuwa mwembamba kama unywele. Kwa mbali usingeuona. Nilisubiri chungu kipoe, nikakijaza maji, nikakifunika, nikakipangusa nje, nikakipima kwenye mizani ya jikoni, nikakiweka juu ya tishu mpya. Baada ya dakika kumi nilikirudisha kwenye mizani. Kilikuwa kimepungua gramu kumi na nne, na tishu ilikuwa imelowa.

"Sema, Docteur," alisema Mama Kasoki.

"Kinavuja."

"Hiyo hata mimi naiona. Kitapona?"

"Vyungu haviponi, Mama."

Olivier alipiga simu dukani lilipofunguliwa. Cha pili cha udongo, chenye samaki, kilikuwa kimeuzwa Ijumaa. Kontena jingine lingekuja mwezi ujao. Halafu, wikendi hiyo treni za upande wetu zilikuwa zimesimamishwa kwa ukarabati, mabasi yakishika nafasi yake. Kwenda mjini na kurudi kungemeza nusu ya siku.

"Tumia sufuria," nikashauri. "Inashika maji. Hilo ndilo hitaji la kwanza la chombo cha kupikia."

"Grand, nimpe sufuria mtu wa vyungu? Nimwombe binti yake juu ya sufuria?" Alilionesha kabati la sufuria. "Siku sita ananiangalia tu. Hii ndiyo mara moja ninayopata."

Mama Kasoki alisimama. "Uji," alisema. "Nilikuwa nafika kwa uji, moto ikanitangulia. Chungu yenye kuvuja, unapika uji, inaziba. Kila mwanamuke wa Butembo anajua hiyo."

Nilikuwa karibu kumweleza kwa adabu tofauti ya ufa na kinyweleo. Nikatia mkono kwenye koti kutafuta kalamu, ili nimchoree, na nikakuta karatasi ya duka.

Niliikunjua mezani. Mchoro wa kwanza: chungu chenye matone chini, juu ya moto, kimepigwa alama nyekundu ya X. Niliusoma mchoro ule kwa sauti, na nikasema karatasi ilikuwa mfukoni mwangu tangu Alhamisi. Hakuna aliyenilaumu, jambo ambalo lilikuwa gumu zaidi. Nikaendelea chini. Mchoro wa nne: chungu, wali, maji mengi, moto mdogo, saa ya ukutani inayoonesha saa nzima. Mchoro wa tano: chungu chenye mstari ubavuni na tone linalodondoka, mshale, halafu chungu kilekile chenye wali na maji, halafu chungu bila tone.

Niligeuza karatasi. Niliirudia. Niliitazama kama ninavyotazama jibu la maabara ambalo haliwezekani, nikitafuta kichupa kilichobadilishwa.

"Inasema nini?" aliuliza Mama Kasoki.

"Inasema uji."

"Voilà."

Tulikipangusa chungu, tukakianika juani kwenye ngazi za nyuma kwa saa moja na nusu. Nikakijaza maji robo tatu, na Mama Kasoki akatia wali wa jana, konzi tatu. Moto mdogo kabisa. Tulikaa tukiusikiliza. Mwanzoni matone yaliyopenya yalichuruzika na kuanguka kwenye jiko kwa sauti ya kukaanga. Niliyahesabu: ishirini na mbili kwa dakika. Robo saa baadaye tisa. Uji ulipoanza kuwa mzito, matatu. Kisha nilisubiri dakika nzima, nikasubiri nyingine, na jiko likawa kimya.

"Usiguse," alisema Mama Kasoki nilipotaka kukiinua. "Ilale na uji yake."

Kililala na uji wake hadi saa tisa na nusu alasiri. Tukakimwaga, tukakiosha, tukakipangusa. Nikarudia kipimo kilekile, maji yaleyale, kifuniko, tishu mpya, dakika kumi. Sifuri. Nikafikiri mizani imeharibika. Nikapima mfuko wa chumvi, ikasema kweli. Nikarudia. Sifuri. Mara ya tatu niliacha nusu saa. Sifuri, na tishu kavu kama nilivyoitandika.

Ninajua wanga ni nini. Ninajua hufura katika maji ya moto, hugeuka gundi na kujaza nafasi. Ningeweza kuyaandika hayo ubaoni. Lakini wanawake wa Butembo hawakuandikiana barua na wanawake wa Yokkaichi, na pande zote mbili zilifika kwenye sufuria ileile ya uji. Nilikaa kitini nikiwa na tishu kavu mkononi.

Olivier alikishika chungu masikio. "Nitakigeuza. Ufa utazame upande wangu, yeye akae kule."

"Mgeni hafichwi kitu ya kula ndani," alisema mama yake.

"Mama, mtu huyu kazi yake—"

"Nimesikia kazi yake. Na yangu? Mimi kila siku naosha wazee wenye kujificha miguu yao mbaya. Ninaiona tu."

Lakini Olivier aliuelekeza ufa kwenye kiti chake, na ukabaki hivyo.

Chizuru na baba yake walifika saa kumi na mbili jioni. Mzee Morikawa alikuwa mfupi, amenyooka, amevaa tai ndani ya sweta. Mama Kasoki alimletea maji ya moto ya kunawa, akiinama na beseni kama kwao. Mzee aliitazama beseni, akatazama mikono yake, akanawa kwa uangalifu wa daktari wa upasuaji. Akasema kitu.

"Anasema ni desturi nzuri," Chizuru alitafsiri kwa Kiingereza, na Olivier akakifikisha kwa Kiswahili. Usiku mzima maneno yalipita kwenye lugha tatu hivyo.

Meza ilikuwa tayari: jiko katikati, bakuli tano, kabichi iliyokatwa, vitunguu majani, uyoga, tofu, vipande vya samaki. Chungu kilikuwa bado kitupu. Mchuzi wa mwani ulikuwa ukisubiri kwenye sufuria. Mzee aliketi. Akanyoosha mkono juu ya meza, kwa mazoea nadhani, akakigonga chungu kwa kifundo cha kidole cha kati.

Chungu kizima hulia. Hiki kilitoa sauti fupi, iliyokufa.

Chizuru aliifahamu sauti ile. Nilimwona akifumba macho. Mzee hakusogea. Hakukigeuza, hakuinama kutazama. Alisubiri tu, kidole kikiwa bado hewani.

Olivier angeweza kusema ndivyo tulivyouziwa. Alisimama, akakizungusha chungu taratibu mpaka ufa ukatazama kwa mzee.

"Kina ufa," alisema. "Kimepasuka leo asubuhi, nyumbani kwangu. Kiliwekwa motoni kikiwa na maji. Nilitaka kuuficha. Tumekipikia uji, na hakivuji."

Chizuru alitafsiri kwa sauti ndogo. Mzee akauliza swali moja.

"Nani alipika uji?"

"Ni mimi," alisema Mama Kasoki kabla swali halijamfikia kwa Kiswahili. "Na maji pia ni mimi. Mutoto hana kosa."

"Na karatasi ya maelezo ilikuwa mfukoni mwangu," nikasema, maana orodha isingekamilika.

Mzee Morikawa alivaa miwani. Alikipindua chungu, akapitisha kidole gumba juu ya ufa toka chini hadi juu, akanusa kitako. Akasoma muhuri mdogo uliochongwa pale. Kisha akaanza kuzungumza, kwa muda mrefu kuliko siku zote sita, na Chizuru akamfuata nyuma kwa tafsiri.

"Anasema hiki ni cha mji wetu. Anasema udongo wa kawaida, ukiulowesha usiku kucha ukauweka kwenye moto mkubwa, hugawanyika vipande viwili. Hiki kimepata unywele tu. Anasema kuna kitu kilikishikilia. Karibu nusu ya udongo huu si udongo. Ni jiwe lililosagwa, linaitwa petalaiti. Jiwe hilo likipata moto halitanuki, ndiyo maana chungu hakivunjiki. Halipatikani Japani. Linakuja kwa meli, kwenye magunia. Yeye alipokuwa kijana wa karakana alipakua magunia hayo." Chizuru alisita, akamuuliza baba yake kitu kwa Kijapani, kana kwamba hakusikia vizuri. Akajibiwa neno moja. "Anasema linatoka Zimbabwe."

Mama Kasoki alikitazama chungu upya.

Nilikuwa na simu mkononi kabla sijafikiri. Nilitafuta, nikasoma kurasa mbili, moja ya wachimbaji na moja ya wafinyanzi. Ilikuwa kweli. Mawe ya mlima wa kusini mwa Afrika yalikuwa yamevuka bahari hadi Yokkaichi, yakawa chungu, chungu kikaja Sydney kwenye kontena, na Alhamisi nilikuwa nimekibeba mapajani kwenye treni hadi Mount Druitt nikidhani nimebeba kitu cha Japani.

"Ni kweli?" aliuliza Mama Kasoki.

"Ni kweli."

"Zimbabwe na Butembo ni mbali?"

"Mbali sana, Mama. Kilomita kama elfu mbili na mia mbili. Tusijidanganye kwamba ni kwetu."

"Na Zimbabwe na hapa?"

"Kama elfu kumi na moja."

"Basi ni jirani," alisema, akamimina mchuzi.

Tulikula. Mzee alipanga mboga mwenyewe, ngumu chini, laini juu, na kila kilichoiva alikichota akakitia kwenye bakuli la Mama Kasoki kwanza, naye Mama Kasoki akamrudishia kikubwa zaidi, hadi Chizuru akacheka. Nilihesabu: mzee alirudi chunguni mara kumi na tatu. Muuzaji alikuwa amekadiria chini. Olivier alipozima jiko ili kubadilisha mtungi wa gesi, mchuzi uliendelea kuchemka bila moto, povu likipanda na kushuka. Niliangalia saa, dakika mbili na sekunde arobaini. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nimechoka kushangaa kwa sauti.

Vitu vilipoisha ukabaki mchuzi. Mzee akaomba wali. Akautia wote, akapunguza moto, akafunika.

Mama Kasoki aliinua kifuniko, akachungulia, akapiga makofi. "Eh! Si uji hii?"

Chizuru akaeleza kwamba nabe humalizwa hivyo siku zote: wali hupikwa ndani ya mchuzi uliobaki, kisha yai. Watoto hugombania. Nikatazama chungu, nikatazama ufa, ukiwa mkavu. Kila mlo unaisha kwa kukiziba chombo kilichoupika. Watu wanakula, wanashiba, wanaondoka, na chungu kimetengenezwa bila mtu kusema tunatengeneza chungu.

Ndipo Olivier akaweka bakuli chini, akakisema kile alichokuwa amejifunza wiki nzima, kwa Kijapani kibovu, sentensi mbili. Sikuzielewa, lakini nilielewa jinsi alivyoyashika magoti yake.

Mzee alifuta miwani kwa ncha ya tai. Kisha akazungumza, akiwa anatazama chungu wala si mtu.

"Anasema," Chizuru alianza, "karakanani, vyungu vya namna hii alivichora alama nyekundu. Haviuzwi. Jioni alikuwa anavibeba nyumbani. Vyungu vyote vya nyumbani kwetu vilikuwa vya alama nyekundu." Aligeuka kwa baba yake. "Sikujua hilo." Mzee akaendelea. "Anasema, msikihifadhi kikiwa na unyevu. Kikivuja tena, mpike uji. Anasema mimi, binti yake, sijui kupika, mama alifariki kabla hajanifundisha, na yeye hakuwa na subira. Anasema, mwambieni mama yake Olivier..."

Hapo Chizuru alikwama. Alijaribu tena, akaacha.

Mama Kasoki alitutazama mmoja mmoja. "Anaambiwa nini? Docteur, sema! Kiingereza yake imeisha wapi?"

Mzee Morikawa hakungoja mkalimani. Alimwonesha Chizuru kwa kiganja kilichofunguka, akamwonesha Mama Kasoki, akakigonga chungu kilichojaa wali mara moja, taratibu, akainamisha kichwa karibu na meza.

"Anakuomba umfundishe," nikasema.

Olivier alikuwa ameuficha uso ndani ya mikono. Mama Kasoki alijifuta macho kwa upande wa kitenge, akamsukumia Chizuru upawa.

"Aanze sasa," alisema. "Amupe baba yake. Na kesho akuje saa mbili asubuhi, asiniambie treni haziko."